Juice WRLD au Polo G: bando likiwa la albamu moja tu, uchukue ya nani?

Mdogo wangu yuko kidato cha tatu, na ana tabia ya kuniuliza maswali mazito nikiwa nimeshika sahani. Juzi aliuliza: "Kaka, bando langu linatosha albamu moja. Nichukue ya Juice WRLD au ya Polo G?" Nikamjibu achukue zote, mwezi huu ya mmoja, mwezi ujao ya mwingine. Akaniangalia vile ambavyo mtu humwangalia fundi aliyemwambia "rudi kesho".

Basi nikaona nilipe swali lake uzito wake, maana si swali la kitoto. Hawa marapa wawili wa Marekani wanachanganywa sana. Wote ni wa Chicago na pembezoni mwake. Wamepishana kuzaliwa kwa wiki tano: Juice tarehe 2 Desemba 1998, Polo tarehe 6 Januari 1999. Wote wanachana huku wanaimba, ile rap ambayo husikii mstari umeishia wapi na kiitikio kimeanzia wapi. Waliibuka mwaka mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja alifika namba moja Marekani kabla ya kutimiza miaka 23. Ukifungulia nyimbo zao kwa sauti ya chini sebuleni, bibi atakwambia ni kijana mmoja analalamika.

Kwangu mimi kinachowatenganisha ni kalamu. Polo anaandika. Juice hakuandika. Mengine yote nitakayosema hapa, hadi suala la bando, yanatokana na hilo.

Nianze na Juice. Jina lake ni Jarad Higgins. Alikuwa akiingia studio, prodyuza anafungulia biti, naye anasimama kwenye maiki na kutoa wimbo palepale, bila daftari, bila kuchungulia simu. Marapa wengi hujisifu hivyo na ukweli wake haujulikani. Wa Juice una ushahidi. Oktoba 2018 alikwenda London kwenye kipindi cha mtangazaji Tim Westwood, akawekewa biti za Eminem moja baada ya nyingine, akachana kwa takriban saa nzima. Video ipo. Mimi niliitazama nikingoja aishiwe. Kuna mahali anaanza kuzungukazunguka, anajaza nafasi kwa matusi na majigambo ya kawaida, unasema sasa kijana kachoka. Halafu ghafla unatoka mstari ambao mtu mwingine angekaa nao wiki nzima mezani, na yeye hata hasimami kuufurahia, ameshapita.

Hivyo ndivyo nyimbo zake zilivyo. Zina joto la kitu kilichosemwa mara ya kwanza. Anaposema ameachwa na mpenzi, husikii mtu anayesimulia kuachwa, unasikia mtu aliyeachwa saa hiyohiyo. Lakini mtu anayetoa kila kitu kichwani bila kurudi nyuma kusahihisha hurudia mambo, na Juice anarudia sana: msichana, vidonge, pepo wabaya, kifo, halafu msichana tena. Wimbo mmoja unakushika koo. Wimbo wa kumi na saba unakuta umeshasikia yote.

Polo ni kinyume chake. Taurus Bartlett, kama wazazi wake walivyomwita, aliandika wimbo uliomfungulia njia, "Finer Things" wa 2018, akiwa jela. Fikiria hapo kidogo. Selo haina prodyuza wala kinanda. Mistari inabidi isimame yenyewe kwanza, muziki uje baadaye. Tangu hapo mpaka leo mistari yake inasimama hivyo. Jaribu kusoma maneno yake kwenye simu bila kufungulia wimbo: utakuta nani alikufa, aliacha nini, mama wa marehemu alilia vipi, na nani aliyekuwa rafiki akageuka. Jaribu hivyohivyo kwa Juice, nusu ya utamu unapotea, kwa sababu ulikuwa kwenye sauti.

Sasa geuza jaribio. Acha maneno, zipige nyimbo zao kwa mluzi. Juice anapigika mluzi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Polo anazunguka kwenye noti zilezile nne au tano juu ya piano, na kama huelewi anachosema, nyimbo tatu zikipita unaweza kudhani umesikiliza moja.

Hii haikutokea kwa bahati. Juice alilelewa kusini mwa jiji, Calumet Park kisha Homewood, na mama yake, Carmela Wallace, mwanamke wa dini, ambaye hakutaka rap nyumbani mwake. Alichomruhusu ni kinanda. Mtoto alianza piano akiwa na miaka minne, baadaye gitaa, ngoma, na tarumbeta shuleni. Rock aliipatia kwenye michezo ya video, Tony Hawk na Guitar Hero, akawa anacheza huku anakariri nyimbo. Kwa hiyo alipokuja kuanza kuchana shuleni Homewood-Flossmoor na kurusha nyimbo kwenye mtandao wa SoundCloud, nyingine akizirekodi kwa simu, alikuwa na masikio ya mtoto wa rock ndani ya mwili wa rapa wa Chicago. Ndiyo maana analia vile. Mtu aliyekua na rock hasiti kupandisha sauti mpaka ipasuke, na rapa wa kawaida angeona aibu.

Polo alikulia upande wa kaskazini, kwenye majengo ya Marshall Field Garden, Old Town: zaidi ya nyumba mia sita za watu wa kipato cha chini, zimekaa katikati ya eneo la matajiri. Chicago aliyoisikia yeye akiwa darasani ndiyo iliyokuwa imezaa drili, rap ya mtaani ya kina Chief Keef, ile iliyozunguka London na Brooklyn mpaka ikatua Buruburu, Nairobi. Kwenye drili unataja mtaa, unataja marehemu, unataja adui. Polo alichukua mambo hayo matatu akayaimba polepole, kama mtu anayesoma orodha ya rambirambi. Hata jina lake la jukwaani ni kumbukumbu: Polo ni nguo alizozipenda, G ni ya Gucci, rafiki yake aliyekufa akiwa na miaka 16. Jalada la albamu yake ya kwanza limejaa sura za ndugu na marafiki waliotangulia.

Hapo kuna onyo kwa msikilizaji wa kwetu. Kiingereza cha Juice ni chepesi, maneno ya mapenzi na maumivu ambayo kidato cha tatu anayapata bila kamusi. Cha Polo ni cha mtaa wa Chicago. Mpinzani ana jina lake, bunduki ina majina yake sita, kwenda kumvizia mtu kuna kitenzi chake. Ukimsikiliza bila kujua hayo, utabaki na huzuni bila kujua nani kafa. Si kasoro ya Polo. Naye akiletewa taarabu atakuwa hivyohivyo, atajua kuna mtu anasemwa vibaya lakini hatajua ni nani.

Kuhusu vidonge, wazazi wanaosoma hapa wanataka kujua, na wana haki. Wote wawili wanavitaja. Juice anavitaja katika karibu kila wimbo, pamoja na ile dawa ya kikohozi yenye kodeini inayochanganywa na soda. Hakuwa anatania. Juni 2018, baada ya rapa XXXTentacion kuuawa akiwa na miaka 20, na rapa mwingine, Lil Peep, akiwa ameshafariki Novemba 2017 akiwa na 21, Juice alitoa wimbo wa kuwalilia, na ndani yake akasema kwamba kizazi chao hakivuki 21. Tarehe 8 Desemba 2019, siku sita baada ya kutimiza hiyo 21, ndege iliyomleta kutoka California ilitua uwanja wa Midway, Chicago, maofisa wakaanza kukagua mizigo, na yeye akapatwa na kifafa cha ghafla. Hospitali hawakuweza kumrudisha. Uchunguzi ulisema ni sumu ya oksikodoni na kodeini, kifo cha ajali.

Polo naye nusura. Agosti 2019, miezi minne kabla ya mwenzake, alilazwa baada ya kuzidisha dawa kwenye sherehe. Amelisimulia mwenyewe kwenye mahojiano, na amesema alivyotoka pale aliviacha. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Sikia nyimbo zake za 2020 na utaona anavyozungumzia vidonge kwa wakati uliopita.

Kama mzazi ananiuliza yupi "salama" kwa mtoto, sina jibu la kumfurahisha. Kwa Juice mtoto atasikia uraibu ukiimbwa kwa sauti tamu. Kwa Polo atasikia kuuana. Mimi ningekaa naye nisikilize, kuliko kuchagua kimoja kati ya hivyo nikajiona nimelea.

Na kwa kuwa nimewataja wazazi, nikae hapo kidogo, maana mama za hawa vijana wanavutia kuliko wanavyoandikwa. Mama wa Juice ni yule aliyefunga mlango kwa rap. Mwanawe alipokufa, miezi minne baadaye, Aprili 2020, alianzisha mfuko unaoitwa Live Free 999 kwa ajili ya vijana wenye uraibu, wasiwasi na sonona. Hiyo 999 ni alama aliyoiacha mwanawe: 666 iliyopinduliwa, ubaya ugeuzwe kuwa wema. Mwanamke aliyekataza muziki wa mwanawe nyumbani amebaki kuwa mlinzi wa alama ya muziki huo. Mama wa Polo, Stacia Mac, hakuwa na mlango wa kufunga. Yeye ndiye aliyesimama kama meneja wake. Polo alipokubaliwa kwenda chuo kikuu cha Lincoln kule Missouri, siku ya kwanza tu akabadili mawazo akarudi kwenye muziki. Mama wengi ninaowajua mimi wangeshika mwiko. Huyu alishika mikataba.

Mikataba yenyewe ilikuwa ya nguvu kwa wote. Juice aliingia kampuni ya muziki ya Interscope mwanzoni mwa 2018 kupitia Grade A, lebo ya rapa Lil Bibby, kwa dola milioni 3 kama ilivyoripotiwa. Alikuwa ametoka shule mwaka uliotangulia, akajaribu kazi ya kiwandani na haikudumu hata mwezi. Video ya "All Girls Are the Same" iliyopigwa na mwongozaji Cole Bennett ndiyo iliyowashtua wakubwa. Polo alisaini kampuni ya Columbia. "Pop Out" yake, aliyomshirikisha Lil Tjay, ilipanda mwaka 2019 mpaka namba 11 kwenye chati ya nyimbo 100 za Billboard.

(Najua watakuja watu kuuliza mbona nimemwacha Lil Tjay. Kijana wa Bronx, wa 2001, sauti nyembamba nzuri, alipigwa risasi New Jersey Juni 2022 na akaishi. Nampenda. Lakini dogo aliniuliza kuhusu wawili, na bando ni lilelile.)

Haya, albamu sasa.

Ya Juice inayosifiwa kuliko zote ni "Goodbye & Good Riddance" ya Mei 2018, na sifa ni halali. Ina "Lucid Dreams", wimbo uliofika namba 2 na ambao nadhani hata konda wa daladala zenu anaujua bila kujua kwamba anaujua. Lile gitaa la mwanzo ni la wimbo wa 1993 wa Sting, mwimbaji wa Uingereza, limechezwa na Dominic Miller, na mwimbaji Craig David aliliazima pia 2003. Prodyuza Nick Mira alilisampo, yaani alilichukua akalitumia kwenye biti, na baadaye akalalamika hadharani kwamba Sting kachukua asilimia 85 ya mapato. Sting mwenyewe aliusifia wimbo, kisha akatania kwamba utawasomesha wajukuu zake. Mwaka 2019 bendi ya Yellowcard nayo ikaja na madai ya dola milioni 15, ikisema kuna kipande cha uimbaji kimefanana na chao, na ikayaacha Julai 2020 Juice akiwa kaburini. Mtu anayetoa wimbo kichwani bila kuandika hubeba vitu alivyosikia utotoni bila kujua amevibeba. Sisemi alikosea. Nasema ndiyo bei ya kukosa daftari.

Sikiliza "Lucid Dreams" kwa spika za masikioni, si spika ya simu. Gitaa linarudia umbo lilelile, halibadiliki, linakwenda kama saa ya ukutani. Ni sauti tu inayopanda. Anaanza kama mtu anayenong'ona, na kila kiitikio kinaporudi anaongeza kidogo ule ukwaruzo wa kooni, mpaka mwishoni unahisi gitaa limemwonea kwa kutokujali. Hakuna aliyepanga hivyo kwenye karatasi.

"Death Race for Love" ya Machi 2019 ilimpa namba moja kwenye chati ya albamu, nakala 165,000 wiki ya kwanza ukihesabu na usikilizaji wa mtandaoni. Ni nyimbo 22. Nimeijaribu mara tatu kuimaliza kwa mkupuo, mara zote nimeishia katikati nikahamia "Robbery" niisikie tena. Ile albamu ya pamoja na rapa Future ya Oktoba 2018 iruke, labda kama wewe ni wa Future.

Halafu kuna zilizotoka baada ya kifo, na hapa lazima niseme taratibu. Kwa kuwa hakuandika, na kwa kuwa alirekodi kila siku, aliacha rundo kubwa la nyimbo. "Legends Never Die" ya Julai 2020 ilianza namba moja kwa nakala 497,000, na nyimbo zake tano zikaingia kumi bora kwa wiki moja, jambo ambalo kabla yake lilikuwa limewatokea The Beatles na Drake tu. Ikaja "Fighting Demons" Desemba 2021, kisha "The Party Never Ends" Novemba 2024. Ya kwanza ni nzuri kweli. Kadiri unavyosonga mbele, unasikia zaidi mikono ya watu wengine: mgeni amebandikwa, biti imebadilishwa, kiitikio kimekatwa kikarudiwa. Mwenye wimbo hayupo kusema "hapana, hiyo futa". Mimi siziiti albamu zake. Naziita albamu za sauti yake.

Kwa Polo hesabu ni fupi. "Die a Legend", Juni 2019, nyimbo 14, ilifika namba 6. "The Goat", Mei 2020, namba 2. "Hall of Fame", Juni 2021, namba moja, nakala 143,000. Unaona alivyopanda ngazi moja moja. Ila ngazi za chati na ngazi za ubora hazikulingana. "Hall of Fame" ina nyimbo 20 na wageni wamejaa kama kwenye send-off: Lil Wayne, Nicki Minaj, Young Thug, Lil Durk, Rod Wave, na wengine ambao hata mwenye shughuli nadhani alishangaa kuwaona. Kilichomo cha kweli ni "Rapstar", namba moja tangu siku ya kuingia chati, Aprili 2021.

Na "Rapstar" ina kisa kinachonifurahisha. Karibu mwaka mzima kabla haijatoka, Polo alionekana kwenye kipande cha video amekaa na Einer Bankz, jamaa anayepiga ukulele, kale kagitaa kadogo ka nyuzi nne. Hakuna biti, hakuna moshi wala magari. Vidole vinne na kijana anachana kama anazungumza na jirani. Watu walikizungusha kile kipande mtandaoni mwaka mzima wakidai wimbo kamili. Ulipotoka na ngoma zake na mabesi yake, ukulele ulibaki. Mistari iliyoweza kusimama juu ya nyuzi nne ilikuwa imeshapita mtihani, kama ile ya selo.

"The Goat" ndiyo nampa mtu mzima, hasa wale waliokuwa vijana Tupac anatamba. Humo kuna "Wishing for a Hero" na mwimbaji BJ The Chicago Kid, juu ya piano ya Bruce Hornsby ya 1986, ileile Tupac aliyoitumia. Mjomba wangu mmoja, ambaye hudai rap ilikufa 1996, aliposikia piano ile alikaa kimya dakika nzima. Halafu akasema kijana anaiga. Lakini alikaa kimya dakika nzima. "Hood Poet" ya Agosti 2024 inataka uwe umeshampenda Polo kabla, usianzie hapo.

Kwa hiyo nilipomrudia dogo, nilimwambia hivi. Juice ni wa kuchukuliwa wimbo mmojammoja. Chagua tano, "Lucid Dreams", "All Girls Are the Same", "Robbery", "Wishing Well", "Legends", uziweke kwenye orodha yako, na umeshampata kwa sehemu kubwa, maana kila wimbo wake unaanza upya kana kwamba hakuna uliotangulia. Polo ni wa kusikilizwa albamu nzima. "Die a Legend" ukiikata vipande unabaki na kijana wa mtaani anayejigamba katika "Pop Out", na hutajua maumivu yaliyomzunguka ndani ya albamu hiyo. Imepangwa na mtu aliyejua ataanzia wapi na atamalizia wapi. Kama bando ni la albamu moja, bando hilo ni la Polo, nyimbo 14, hazichoshi. MB zitakazobaki mpe Juice.

Ila kama umeachwa wiki hii, usinisikilize mimi. Nenda kwa Juice moja kwa moja, "Goodbye & Good Riddance", zima taa. Polo hatakusaidia, yeye ana misiba mikubwa kuliko wako na atakufanya ujione mtoto.

Dogo alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu ambayo ilipaswa kunishtua. Kesho yake nikamkuta barazani na spika za masikioni, anatikisa kichwa. Nikamuuliza "Die a Legend" anaionaje.

"Nimechukua 'Legends Never Die', kaka."

Nikamkumbusha kila nilichosema kuhusu albamu za marehemu. Akatoa spika moja akanipa. Ilikuwa "Hate the Other Side", moja ya zile tano za kumi bora. Juice kwenye kiitikio, kisha sauti nyingine ikaingia, nzito kidogo, inataja mambo kwa mpangilio.

"Polo naye yumo humu," akasema. "Wawili kwa bando moja."